Presha ya Mwaitu

Ruiru
Jumapili, 3 Machi 2024

Kaka Wambua,

Namba yangu umeizuia. Nilipoazima simu ya jirani ulikata mara tu uliposikia ni mimi. Kwa hivyo naandika. Barua nampa Mbuvi, binamu yetu, maana kila asubuhi anapeleka mikate Thika na hakosi kupita Ngoingwa. Ukitaka kuichana, ichane mbele yake ili nijue.

Nataka kumwona Mwaitu. Ni mama yangu kama alivyo wako. Tangu Januari alipoanguka jikoni nimemwona mara mbili tu hospitalini, na mara zote mbili ulisimama mlangoni kama askari ukaniambia inatosha. Sasa nasikia mmemrudisha nyumbani, nasikia mkono wa kulia hauinuki na maneno hayatoki. Nasikia umeajiri dada anaitwa Nelima amtunze. Yote haya nayapata kwa Mbuvi, kama mtu anayeuliza habari za jirani.

Najua unachosema. Unasema nilimpandisha presha kwa kumletea habari kwamba nimemwacha Mutinda. Kaka, nilikuja nyumbani na mfuko mmoja na jicho limevimba. Ningeenda kwa nani mwingine?

Niambie siku ya kuja. Sitakaa. Nitamwosha miguu tu nirudi.

Dada yako,
Ndunge

*

Ngoingwa, Thika
9 Machi 2024

Ndunge,

Barua nimepata. Sikuichana.

Siku ile nilikuwa nje naosha gari. Niliwasikia wewe na Mwaitu mkipaaza sauti jikoni. Haikupita nusu saa nikaitwa, nikamkuta sakafuni, mbaazi zimemwagika kila mahali, mdomo umeenda upande. Siwezi kujifanya sikusikia nilichosikia. Mutinda ni mume wako, na pia ni mwenzangu katika hili duka la hardware. Mambo yenu mngeyamaliza wenyewe bila kumwingiza mama mwenye presha.

Nimenunua mashine ya kumpimia hapa nyumbani. Nampima asubuhi na jioni. Namba ya juu hukaa mia moja sitini na kitu. Ya chini ni sabini, na hiyo ni nzuri, hata kijana angeitamani. Kwa hivyo shida yetu ni ile ya juu, na kila mtu anajua ya juu inapandishwa na mawazo. Juzi shangazi alikuja kumsalimia, akataja jina lako tu, akasema, "Ndunge naye anaendeleaje huko Ruiru?" Nikapima. Mia moja themanini na nane. Shangazi mwenyewe aliona.

Mimi sikuchukii. Lakini mashine haina upande. Usije kwa sasa.

Wambua

*

Ruiru
16 Machi 2024

Mwaitu wangu,

Hii utasomewa na Wambua, kwa hivyo nitaandika mambo ya kusomwa na watu wote.

Nimepata chumba karibu na stesheni ya zamani. Ni kidogo lakini kina dirisha, na asubuhi jua linaingia mpaka kitandani. Nimenunua cherehani iliyokwisha tumika. Inapiga kelele kama ile yako ya zamani, ile uliyokuwa ukiitukana kwa Kikamba sisi tukicheka chini ya meza. Nashona sare za shule. Mwezi huu nimeshona sketi za kijani mpaka naota kijani. Kuna mama mmoja hapa ploti, mpangaji mwenzangu, anatoka Matuu, Jumapili hupika muthokoi na kuniwekea sahani. Si kama wako. Unga mkono, useme si kama wako.

Jicho limepona.

Lile uliloniambia jikoni nimelifanya, Mwaitu. Nimelifanya na sijajuta. Nilitaka ulisikie hilo kutoka kwangu.

Kula uji. Mwache Nelima akunyooshe mkono hata kama unauma. Nakuja.

Ndunge wako

*

Ngoingwa, Thika
20 Machi 2024

Ndunge,

Nimemsomea, kwa sababu nilijiambia labda nakosea, nijaribu mara moja. Sijakosea.

Nilisimama karibu na kitanda nikasoma pole pole. Nilipofika pale pa cherehani akaanza kutetemeka. Nilipofika pale pa "lile uliloniambia jikoni" machozi yalikuwa yanatiririka mpaka shingoni, na mkono wake mzima unapiga godoro, na sauti inatoka kooni ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu. Nikaacha kusoma nikapima. Mia mbili na sita. Nikangoja nikapima tena. Mia moja tisini na tisa. Ilichukua mpaka jioni kushuka.

Halafu najiuliza, ulikuwa unamkejeli? Alikuambia urudi kwa mume wako, sisi sote tunamjua Mwaitu na heshima ya ndoa. Wewe unamwandikia ati umelifanya alilokuambia, na unaishi peke yako Ruiru. Mtu mgonjwa anafanyiwa mzaha?

Ukitaka tumzike, andika tena.

Wambua

*

Ruiru
24 Machi 2024

Wambua,

Sitamwandikia tena.

Mbuvi aliponipa barua yako Ijumaa sikuielewa, niliisoma nikiwa nimesimama katikati ya wateja. Jana nikapanda gari nikaja Ngoingwa hata hivyo. Nilifika mpaka kwa yule muuza mboga anayetazamana na geti lenu. Niliona dirisha la chumba chake, pazia la bluu. Nikasema nitavuka barabara. Halafu nikaiona hiyo mia mbili na sita kama imeandikwa kwa geti. Nikanunua nyanya ambazo sikuzihitaji, nikarudi.

Mfunike vizuri, mvua imeanza.

Ndunge

*

Ngoingwa
21 Aprili 2024

Kwa dada Ndunge,

Nakusalimu sana. Mimi ni Nelima, ninayemtunza shosho, mama yenu. Hatujuani kwa uso. Mimi siandikagi vizuri, utanisamehe. Nimempa Mbuvi nikamwambia asimwambie mtu.

Dada, shosho hali yake si nzuri. Uji anakataa. Ukimpelekea kijiko anafunga mdomo anageuza macho kwa mlango. Akisikia geti linagongwa anajaribu kuinuka. Akiona ni mtu wa maji au ni watoto wa jirani, analala tena. Kuna neno anajaribu kusema, linatoka "Ndu, ndu." Mwanzo nilidhani anataka choo. Sasa najua ni wewe.

Ile siku ndugu yako alisoma barua nilikuwepo. Nilikuwa nimemshikilia shosho mgongo asianguke. Ndugu yako alisimama ule upande mwingine, wa kulia, ule uso hauwezi kusonga. Huo upande ulikuwa unatoa machozi tu. Lakini mimi nilikuwa huku upande wa kushoto. Huku shosho alikuwa anacheka. Dada, alikuwa anacheka kabisa, na mkono alikuwa anapiga kitanda kama mtu wa kanisa.

Nilimwambia ndugu yako. Akasema mimi siwezi kujua, niangalie namba. Namba kweli ilikuwa juu. Kwa hivyo sikubishana. Lakini hiyo presha bado iko juu hata bila barua. Asubuhi ya leo ilikuwa mia moja tisini na hakuna mtu alikuwa ametaja jina lako.

Hayo tu. Usimwambie nimeandika, nahitaji hii kazi.

Nelima

*

Ruiru
25 Aprili 2024

Kaka Wambua,

Nitakuambia jambo ambalo Mwaitu aliniomba nisikuambie. Alisema, "Wambua na Mutinda wana duka pamoja, usiwagombanishe." Nimelifunga mdomoni tangu Januari. Sasa siwezi.

Hatukugombana jikoni. Ulisikia sauti juu, ni kweli, lakini sauti ilikuwa yake na hasira haikuwa juu yangu. Nilimwonyesha jicho. Nikamwonyesha na mgongo. Akaacha mbaazi, akasimama, akaanza kupaaza sauti, anamtaja Mutinda, anamtaja mamake Mutinda, anataja harusi. Kisha akaniambia, na haya ndiyo maneno yake: "Usirudi. Mimi nilirudi kwa baba yako mara tatu na hakuna aliyenishukuru. Tafuta chumba chako, ukishakipata uniambie." Hilo ndilo "lile uliloniambia jikoni." Nilikuwa namwambia nimepata chumba.

Naambiwa siku ulipomsomea barua alikuwa anacheka. Usiulize nimeambiwa na nani, Thika haina siri. Naambiwa pia amekataa uji, na kwamba presha iko juu hata nisipotajwa.

Wambua, labda hiyo mashine tunaisoma vibaya. Sijui. Mimi ni mshonaji, wewe unauza misumari. Muulize mtu anayejua.

Ndunge

*

Ngoingwa, Thika
30 Aprili 2024

Ndunge,

Hiyo ya "usirudi" sijui niiweke wapi. Mwaitu alivumilia ndoa yake mpaka akamzika mzee. Kila mwaka kanisani alikuwa akisimama kuwafundisha mabibi harusi uvumilivu. Unataka niamini alikuambia hivyo, na yeye hawezi kufungua kinywa aseme ndiyo au hapana. Mutinda nimemuuliza, akasema mlisukumana tu. Sisemi wewe ni mwongo. Nasema sikuwepo.

Kuhusu kucheka, najua ni Nelima. Nelima ni mtu mzuri lakini anaona anachotaka kuona. Mtu hacheki presha ikafika mia mbili na sita. Ingekuwa furaha ingeshuka. Furaha ni dawa, hata Biblia inasema.

Lakini sikatai kuuliza. Ana kliniki tarehe kumi na saba Mei, Ijumaa. Nimejaribu kuomba siku ya karibu zaidi, mvua hizi zimeharibu kila kitu, wagonjwa ni wengi na barabara nyingine hazipitiki. Nitamuuliza daktari mbele yake. Daktari akisema uje, nitakuja kukuchukua mwenyewe na gari. Akisema usije, utakubali?

Wambua

*

Ruiru
4 Mei 2024

Kaka,

Nitakubali.

Nimekaa na barua yako na ile ya mia mbili na sita siku hizi zote. Nataka kuja leo. Ningeweza kuja leo, ni nauli ndogo tu. Lakini nikifika, nikamshika mkono, halafu akaenda nikiwa nimemshika? Wewe utakuwa ulisema kweli, na mimi nitaishi na hilo. Afadhali daktari aseme. Tumengoja miezi, wiki mbili si kitu.

Mwambie tu kwamba nakuja tarehe kumi na saba. Hapana. Usimwambie. Itampandisha.

Nimemshonea gauni linalofunguka mbele, Nelima asipate taabu kumvika mkono ule. Mbuvi atalileta. Usiseme limetoka kwangu.

Ndunge

*

Ngoingwa, Thika
29 Juni 2024

Ndunge,

Tangu tumzike Mwaitu hatujaongea, na sijui kama utaifungua hii. Mazishini kule Kilimambogo ulisimama nyuma na watu wa Ruiru nami nikakuona. Nilitaka kuja pale ulipo, lakini sikuja. Nilikuwa na hasira bado. Nilijiambia alitutoka zikiwa zimebaki siku tano tu tufike kliniki, na kwamba angalau zile wiki za mwisho alizipata kwa utulivu kwa sababu mimi na wewe tulikubaliana.

Sasa nitakuambia nilichojua majuzi. Nimefikiria kukuficha. Nimeshindwa.

Wiki iliyopita nilikuwa napanda ngazi za benki na sanduku la risiti za duka, nikaona giza. Wakanikalisha, wakanipeleka kliniki ile ile aliyokuwa akienda Mwaitu. Daktari ni mwanamke, Daktari Wanja, ndiye aliyekuwa akimwona. Akanipima. Mia moja sabini na mbili, ya chini mia moja na nne. Kumbe natembea nayo bila kujua. Nikamwambia ni mawazo, nimempoteza mama. Akasema mawazo yanaweza kuisukuma, lakini hii imekaa na mimi miaka.

Kisha nikamuuliza habari za Mwaitu. Alikuwa na karatasi zake. Nikamwambia nilikuwa nampima kila siku, ya juu ikiwa mbaya lakini ya chini nzuri, sabini, sitini na nane. Akatikisa kichwa. Akasema hiyo ya chini haikuwa nzuri. Kwa mtu wa umri ule, ya juu ikiwa mbali sana na ya chini, ujue mishipa mikubwa imekuwa migumu. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema hardware. Akasema basi unaujua mpira mpya wa kumwagilia na ule uliokaa juani miaka. Ule mpya maji yakija kwa nguvu unatanuka kidogo, unayapokea, kisha unayasukuma taratibu. Ule mgumu hautanuki. Kila moyo ukipiga, damu inagonga ukuta kwa nguvu yote, namba ya juu inaruka. Moyo ukipumzika hakuna kilichobaki cha kusukuma, ya chini inaanguka.

Nikamuuliza, ni nani aliyeifanya mishipa iwe migumu? Nikamwambia wazi, daktari, dada yangu alimletea habari mbaya na akaanguka siku hiyo hiyo. Akasema mishipa haikauki kwa siku moja. Presha ikikaa juu miaka inaikaza mishipa, na mishipa ikishakaza inaipandisha presha zaidi, hivyo hivyo, moja inailisha nyingine, huwezi tena kusema ipi ilitangulia. Mwaitu alikuwa kwa hilo labda miaka ishirini. Na unakumbuka alivyokuwa na dawa zake, akizinywa akisikia kichwa tu, akipona anaziweka kabatini. Ile hasira ya siku ile, alisema, hata angekuwa amepanda kilima au amekohoa vibaya ingeweza kuwa hivyo. Usimtafute mtu, alisema.

Hapo ningeishia. Lakini nikauliza lingine. Nikamwambia, lakini daktari, kila akisikia jina la dada yangu ilipanda. Niliona kwa macho yangu. Akasema ndiyo, ingepanda. Mishipa migumu haina pa kupunguzia. Akishtuka inapanda, akilia inapanda, akifurahi inapanda vile vile, na kwa mtu kama yeye inapanda sana, kisha inashuka yenyewe. Mashine inapima nguvu ya damu, haijui sababu. Akaniuliza, "Wewe ulikuwepo. Uso wake ulikuwaje? Alikuwa anaumia au anafurahi?"

Ndunge, uso sikuuangalia. Nilikuwa naangalia mashine.

Nikamuuliza kama ningekuruhusu uje ingekuwaje. Akasema kwamba angeniambia nikuruhusu siku ya kwanza. Kwamba kiharusi cha pili kije au kisije, mtoto wake kukaa kando ya kitanda hakukuwa hatari ambayo yeye daktari angeiogopa.

Nimerudi nyumbani nikamwita Nelima kabla hajaondoka. Anakwenda kufanya kazi kwa nyumba moja Juja. Nikamwomba anieleze tena ule upande wa kushoto. Akanieleza. Akaniambia pia kwamba asubuhi ya mwisho alimvika lile gauni lako, na Mwaitu akashika pindo akautazama mshono kwa muda mrefu. Akajua ni la nani. Hakuna aliyemwambia.

Mutinda nimemwambia tugawane duka. Najua haikusaidii kitu.

Nipe ruhusa nije Ruiru Jumapili moja. Sijui nitasema nini nikifika.

Kaka yako,
Wambua

*

Ruiru
14 Julai 2024

Wambua,

Nimeifungua. Ningejua kilichomo nisingeifungua.

Unasema ulifikiria kunificha ukashindwa. Ungejaribu zaidi. Najua hukuandika ili kuniumiza. Ulikuwa na mzigo mzito ukatafuta wa kubeba nawe, na mtu aliyebaki ni mimi. Lakini hebu nikuambie umeninyang'anya nini.

Mwaitu alipokufa watu wa hapa ploti walikuja kunifariji. Yule mama wa Matuu aliniuliza, "Ulimwona mwisho?" Nikasema hapana, lakini nilikaa mbali kwa ajili yake. Nilisema hivyo kwa kila aliyeuliza. Nilisema nimempa mama yangu wiki zake kwa kutokwenda kumwona. Wakasema mimi ni mtoto mzuri. Nikaamini. Nilikuwa nakaa kwenye cherehani nashona, nikikumbuka kwamba sikuvuka ile barabara, najiambia, ulifanya vizuri Ndunge, ulimpenda. Hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho.

Sasa daktari anasema ningevuka tu. Ningevuka nikiwa na nyanya mkononi, Nelima angenifungulia, na Mwaitu alikuwa ameelekeza macho mlangoni. Kila geti likigongwa alidhani ni mimi. Hiyo si habari ya mtu kujua halafu aendelee kushona sketi.

Kumbe hakuna aliyemuua. Naielewa hiyo ya mpira na jua, nimeisoma mara nyingi. Wewe imekuondolea kitu, nami imeniondolea kile cha siku ile jikoni, kudhani ni mimi niliyemwangusha, ni kweli, nilikuwa nacho na kimeondoka. Lakini mahali pake pamekuja kingine kikubwa zaidi. Kile cha kwanza kilinipata bila kupenda. Hiki nilikitia sahihi kwa mkono wangu. "Nitakubali," niliandika. Ulinizuia, ndiyo. Mwishowe nilijizuia mwenyewe, kwa sababu niliogopa kuonekana mkosaji kuliko nilivyotaka kumwona.

Nelima alinieleza yote mapema, nami nikakuamini wewe kuliko yeye. Kwa nini?

Mazishini mlimketisha Mutinda kwa hema la familia. Alipewa soda na shangazi. Nilitazama nikasema, haidhuru, nitaongea na Mwaitu mwenyewe watu wakishaondoka. Watu walipoondoka nilikaa pale kaburini mpaka mvua ikaja na sikupata neno hata moja. Nimekuwa nikiandika na kufuta kichwani tangu wakati huo. Simpati. Nikimtafuta naona pazia la bluu tu.

Nimekwenda kupimwa. Ya kwangu iko sawa. Mhudumu alifurahi akanipongeza, nami nikatoka nje nikakaa kwa ngazi nikalia, watu wanapita.

Zile dawa ulizopewa, zinywe kila siku, usisikie vizuri ukaacha. Sitaki kukuzika. Sisemi kwa upendo, usije ukanielewa vibaya. Nasema kwa sababu sina nguvu ya msiba mwingine.

Kuhusu Jumapili, usije. Si hasira tu. Ukija nitalazimika kukupikia chai, utakaa kwa kile kiti kimoja nilicho nacho, mimi nitakaa kitandani, na tutatazamana tukijua. Siwezi. Labda mwaka ujao nitaweza. Labda sitaweza, na wewe utakuwa kaka yangu vivyo hivyo, kule Thika, na mimi hapa.

Ndunge